Nilidhani ni chuma ulete, kumbe ni simu ya saa 4 usiku (uzi mrefu, andaa kahawa na kashata)

MamaVichanja (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Wakubwa zangu shikamooni. Wavivu wa kusoma rukeni mpaka kwenye daftari, utamu uko hapo.

Mimi ni mwanamke wa Kigoma mjini, nakaa Gungu, kazi yangu dagaa. Nachukua mwalo wa Kibirizi alfajiri, naanika, nafunga magunia, natuma kwa watu wangu Dar na Dodoma. Nina miaka kumi na moja kwenye kazi hii na mikono yangu inanuka ziwa hata siku ya Idi.

Mwishoni mwa 2023 mambo yakaanza kwenda ndivyo sivyo. Nauza, hela haikai. Nikifunga hesabu jioni naona pengo, nikirudia hesabu naona pengo kubwa zaidi. Mwili nao ukagoma: naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Nikiswali, nasujudu huku namfikiria mume wa mtu. (Tulieni, nitaeleza.)

Huku kwetu ukisema hela inapotea bila kujua inakwenda wapi, jibu unapewa kabla hujamaliza sentensi: chuma ulete. Kwamba kuna mtu amekuja kununua, amekupa noti yake ya dawa, ukaitupa kwenye droo, usiku noti ikarudi kwa mwenyewe na wenzake wote mkononi. Nikaamini. Nikapelekwa kwa mtaalamu mmoja nje ya mji, akaniagiza jogoo mwekundu na kilo mbili za chumvi ya mawe ya Uvinza, niimwage kizingitini kila Alhamisi usiku. Jumla ilinitoka 90,000. Chumvi niliimwaga kwa uaminifu mkubwa. Waliofaidi ni mbuzi wa jirani, kila Ijumaa asubuhi nilikuwa nafungua mlango nakuta wanalamba kizingiti.

Na mtaalamu hakukoma. Kila wiki ananipigia: mama, kazi bado haijakaa sawa, kuna kitu kimebaki. Hicho kitu kilichobaki kila mara kilikuwa 15,000.

Ikaja tarehe 15 Mei 2024, ziwa likafungwa. Kwa wasiojua, nchi nne zinazolizunguka Ziwa Tanganyika, yaani sisi, Kongo, Burundi na Zambia, zilikubaliana kupumzisha uvuvi ili samaki wazaliane, na upande wetu likafungwa mpaka tarehe 15 Agosti. Miezi mitatu. Tulilalamika jamani, tusidanganyane. Kibirizi pale vichanja vitupu, mitumbwi imepinduliwa mchangani, watoto wanateleza juu yake kama bembea. Mimi nikahamia kwenye mawese, nauza kwa chupa nje ya nyumba, hela ya sabuni tu.

Sasa hapo ndipo nikaona ajabu. Droo imefungwa, haina kitu. Noti za watu nisiowajua sizishiki, wateja wa mawese wote ni wa mtaani. Lakini akiba inayeyuka vilevile na uchovu ni uleule. Nikakaa kitandani nikajiuliza: huyo jini sasa anachuma wapi?

Nikachukua daftari la mwanangu lililobakiza kurasa, nikaanza kuandika kila kinachonitoka. Si hela peke yake. Hela, saa, na usingizi. Nawawekea wiki moja kama ilivyo:

*Jumatatu. Simu ya shoga yangu saa 4 na dakika 10 usiku mpaka saa 5 na nusu. Mume wake hajarudi. Nimesikiliza. Usingizi umekuja saa 8. Alfajiri imenipita.*

*Jumanne. Sauti saba za WhatsApp, moja ina dakika 11. Habari ni ya jana, ameongezewa wifi.*

*Jumatano. 20,000, ada ya mtoto wake. Ya tatu mwezi huu. Ya kwanza hajarudisha, sijaidai.*

*Alhamisi. Nimemwambia mama yangu kalazwa Kasulu. Kasema pole shoga, halafu "sasa sikia alichonifanyia jana".*

*Ijumaa. Hajapiga. Nimeangalia simu mchana kutwa kama mtu anayedaiwa. Kichwa kimeuma hata hivyo.*

Hiyo ya Ijumaa ndiyo iliyonitisha kuliko zote. Hata asipopiga, nalipa.

Nilipotimiza siku thelathini nikajumlisha. Saa 41 za kusikiliza. Shilingi 186,000. Alfajiri 13 zimenipita. Na mara alizoniuliza "wewe unaendeleaje" kisha akasubiri jibu: mbili.

Ila nisimsingizie mtu. Huyu shoga yangu si mchawi wala si mwizi. Nilipojifungua mwanangu wa pili kwa upasuaji, mama yangu hawezi kuja, ni huyu aliyenifulia nepi na kunikanda siku arobaini. Deni la namna hiyo halina risiti, huwezi kusema leo nimelimaliza. Na hela zote hizo sikuibiwa, nilizituma kwa kidole changu mwenyewe. Nilikuwa namwaga chumvi kizingitini kumzuia mtu ambaye mlango namfungulia mimi.

Nikaenda kwa shehe wa msikiti wa mtaani, nikitegemea atanisomea. Hakusoma kitu. Akaniuliza kama nakijua kisa cha Salman na Abu Dardaa. Nikasema nakumbuka nusunusu tangu madrasa. Akanisimulia: Mtume (s.a.w.) aliwaunga udugu hawa wawili. Salman akaenda kumtembelea mwenzake, akamkuta mke wa nyumba ile kajiachia, hajijali. Kumuuliza, akasema ndugu yako hana haja na dunia. Abu Dardaa mchana kafunga, usiku anataka kusimama kuswali mpaka kuche. Salman akamlazimisha ale, usiku akamwambia lala. Kila akiinuka, lala. Usiku ulipokaribia kwisha ndipo wakaamka wakaswali pamoja. Akamwambia Mola wako ana haki juu yako, nafsi yako ina haki juu yako, ahali zako wana haki juu yako, mpe kila mwenye haki haki yake. Habari zilipomfikia Mtume, akasema Salman kasema kweli.

Shehe akavua miwani, akanitazama. "Huyo alikuwa anazidisha ibada, akaambiwa akalale. Wewe mwanangu unazidisha nini?"

Nilitoka pale sina la kusema.

Kesho yake nikamfuata shoga yangu kwake, mchana, mguu kwa mguu. Nilimkuta anamenya mihogo uani.

Nikamwambia, shoga, kuanzia leo baada ya Isha simu yangu naizima. Sijakuchoka. Silali.

"Kwa hiyo nikifa usiku?"

Kukiwa na dharura, piga kwa mdogo wangu, tunalala nyumba moja, ataniamsha.

"Na sauti nisitume?"

Tuma. Nitazisikiliza nikiwa naanika.

Kisu kikasimama. "Na hela?"

Hela ya kukopesha sina mpaka ziwa lifunguliwe. Likifunguliwa tutaandikiana.

Akakaa kimya mpaka nikasikia kuku wanaparura nyuma ya choo. Halafu akasema, "Umebadilika." Nikasema ndiyo. Akaendelea kumenya, ganda linatoka nene, nusu ya muhogo inakwenda na ganda.

Jioni ile akaweka status: *Masikini akipata matako hulia mbwata.* Nilicheka mpaka machozi, maana matako yenyewe sina.

Ni wiki tatu sasa hajanisemesha. Usingizi umerudi, wiki ya pili niliamka alfajiri bila alamu. Lakini moyo unaniuma, kila nikiona nepi kwenye kamba ya mtu namkumbuka. Ndugu zangu, nimuache hivyohivyo aende, au kuna namna? Nawasilisha.

---

kahawa_chungu

Hii chai, tena ya rangi, haina hata tangawizi. Nani anaandika daftari la rafiki?

MamaVichanja

Mkuu, anayeuza dagaa kwa mkopo huandika kila kitu. Njoo Kibirizi uchukue gunia bila kuandikwa tuone.

bangwe_juu

Dada yangu, kata kamba. Watu wa kunyonya ni wa kufuta. Mimi mwaka jana nilifuta namba kumi na mbili kwa siku moja, wakiwemo mabinamu. Saa hivi nina amani kama kaburi.

kahawa_chungu

Kati ya mifano yote ya dunia, ukaliona kaburi.

mwana_wa_reli

Shikamoo dada MamaVichanja. Mimi niko Tabora, nimesoma uzi wako nikiwa zamu ya usiku na nimeusoma mara mbili.

Rafiki una nafuu. Wangu ni kaka wa tumbo moja. Baba alifariki nikiwa darasa la sita, kaka akauza tumbaku yake msimu kwa msimu akanisomesha mpaka nimeajiriwa. Leo kila tarehe ya mshahara anajua kabla yangu. Bati ni mimi. Mahari ya mwanawe ni mimi. Amegombana na mkewe, wananipigia wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja ananiambia nisimwambie mwenzake. Mke wangu alishaniambia, "Tukikaa mezani tuko watano, na wanaokula ni watatu."

Nitamfungiaje ziwa mtu aliyenisomesha? Bangwe_juu usinijibu wewe, nakujua.

Mzee wangu wa upande wa mama ni mrina asali. Siku moja nikiwa nimekwenda kupumzika kule porini kwake nikamlalamikia. Hakunijibu kuhusu kaka. Alikuwa anashusha mzinga, akakata masega, mengine akayarudisha. Nikamuuliza mbona unabakiza, asali bei yake iko juu. Akasema ukivuna masega yote nyuki wanahama, mwaka kesho unakuja kukuta mzinga una buibui. Akaendelea na moshi wake.

Nilichofanya baada ya hapo: nikamwita kaka, tukakaa chini ya mwembe, nikamwambia kila mwezi kuna kiasi hiki ni chako, hata usipoomba nitakituma. Kikiisha kimeisha. Ya mkeo sisikilizi tena, nendeni kwa wazee. Mwaka wa kwanza alininunia. Sasa amezoea, na nimegundua kitu: kwa kuwa natuma kabla hajaomba, siku hizi tukipigiana simu tunaongea habari za mvua.

MamaVichanja

Marahaba mdogo wangu. Hapo pa "hata usipoomba" nimepanukuu kwenye daftari.

mtumishi_kimya

Bwana asifiwe wapendwa, na asalaam kwa ndugu zetu. Kisa cha shehe kimenikumbusha cha upande wetu, Kutoka sura ya 18. Musa anakaa kuwaamua watu tangu asubuhi hadi jioni, foleni haikatiki. Mkwewe Yethro amekuja kusalimia tu, anaangalia, anamwambia jambo hili si jema, utachoka wewe na hawa watu pamoja nawe. Ninalolipenda pale ni kwamba aliona uchovu wa pande mbili. Foleni nayo ilikuwa inachoka! Shoga yako naye alikuwa anasimulia jambo lilelile kila usiku na halipati dawa. Yethro hakumwambia Musa awafukuze watu. Alimwambia atafute wengine wa kugawana nao. Huyo dada yako ana wangapi wa kumsikiliza zaidi yako?

MamaVichanja

Mtumishi umenigusa penyewe. Sidhani kama ana mwingine.

taa_ya_sola

Mimi mvuvi, naongea la kivuvi. Wengine humu hamjui, dagaa tunawavua gizani. Taa zetu zinawavuta kwa sababu kuna giza. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa zima ni taa, dagaa hawakusanyiki, unachoma betri bure. Siku hizo tunakaa nyumbani, tunashona nyavu, tunalala kama watu.

Mke wangu alilielewa hilo zamani. Siku za giza narudi asubuhi macho mekundu, hanigusi na jambo zito hata moja. Akiwa na lake ananiambia "hili ni la mwezi." Mwezi ukifika tunakaa nje, ananitolea yote, hata ya wifi zake. Tumeishi hivyo miaka kumi na sita. Nilidhani kila nyumba iko hivyo mpaka niliposoma huu uzi.

kahawa_chungu

Huyu mke tunampata wapi?

taa_ya_sola

Ana wadogo zake wawili ila wewe hapana.

sitaki_jina

Naomba kuuliza kwa heshima. Wangu ni mume. Maneno yake yananimaliza, nikinyamaza anasema namdharau, nikijibu anapiga. Viongozi wangu wa dini wananiambia niombe na nilinde amani ya moyo wangu. Nalindaje?

nesi_wa_zamani

Sitaki_jina mwanangu, nakujibu wewe kwanza kabla ya mwanzisha uzi.

Hilo lako silo la kulinda moyo. Hilo ni la kulinda mwili na uhai. Kupigwa si mahusiano yanayochosha, ni kosa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi hakuna mume wala mke mwenye haki ya kumpa mwenzake adhabu ya viboko. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, nenda, na uende na mtu. Ukiwa na jeraha usilioshe ukakaa nalo, fika hospitali litazamwe na liandikwe. Tafuta ndugu mmoja ambaye atakufungulia mlango usiku bila kukuuliza maswali. Nitumie ujumbe wa pembeni, nitakusikiliza.

Sasa MamaVichanja. Nimefanya kazi wodini miaka mingi, nimestaafu. Uliyoyaandika kuhusu kichwa na usingizi si mapepo na si uvivu. Mwili ukiishi kwa wasiwasi muda mrefu unamwaga adrenalini na kotisoli kama vile kuna simba mlangoni. Moyo mbio, presha juu, tumbo linavurugika, usingizi unakimbia. Na mwili hautofautishi simba na mlio wa simu. Ndiyo maana Ijumaa ile kichwa kiliuma wakati hakuna aliyepiga: ulikuwa unamngoja simba.

Lakini nina wasiwasi mmoja, na humu naona mnafurahia sana kufuta watu. Mtu anayesimulia jambo moja kila usiku, halali, hawezi kubadili mada, hasikii hata ukimwambia mama kalazwa, anaweza kuwa ni mbinafsi. Anaweza pia kuwa na sonona, ni mgonjwa. Kwa nje wanafanana. Muulize kwa upole: unakula? Unalala? Kuna siku unaona bora usingekuwepo? Akijibu ndiyo hilo la mwisho, hapo masharti ya Isha yanavunjika, humwachi peke yake, mnakwenda hospitali ya mkoa, Maweni pale, mnauliza sehemu ya afya ya akili. Hata hapo kazi yako ni kumfikisha. Kumtibu ni kwa wenye kazi hiyo.

MamaVichanja

Mama shikamoo. "Kwa hiyo nikifa usiku" aliisema na mimi nikaichukulia kama mkwara. Nimeshtuka.

nesi_wa_zamani

Marahaba. Pengine ulikuwa mkwara. Kamuulize.

yule_mnayemsema

Nimejiunga leo kwa ajili ya huu uzi. Mimi si shoga yake MamaVichanja, msianze. Mimi niko Ujiji. Lakini mimi ni yeye.

Mimi ndiye wa sauti za dakika kumi na moja. Mume aliondoka na mwingine, nyumba ikabaki kimya, kimya mpaka nasikia jokofu la jirani. Ukifika usiku nachukua simu naongea tu. Nilikuwa sijali sana upande wa pili kuna nani, nilitaka kuwe na mtu. Nikimaliza nasikia nafuu ya kama nusu saa. Halafu naanza tena. Rafiki yangu alikuwa akijibu "mmh", "pole", "Mungu yupo", na mimi hizo "mmh" zilikuwa ndizo chakula changu.

Siku moja tiki ikabaki moja. Kesho yake moja. Picha yake haionekani. Nikajua nimefungiwa. Hakuniambia kitu. Sokoni Mwanga akiniona anageukia kwenye nyanya. Nilikaa miezi natafuta nimekosa nini. Nilidhani kaambiwa nimemsema kwa watu. Nilikwenda mpaka kwa mama yake kuomba msamaha wa kosa nisilolijua, mama mtu mzima naye hajui, tukakaa pale tunatazamana.

Bangwe_juu, wewe uliyefuta kumi na mbili. Kwako ilikuwa siku moja. Kuna watu kumi na mbili mahali hawajui walifanya nini.

MamaVichanja kamfuata mwenzie mchana, kamwambia usoni, kamwekea na namba ya dharura. Mimi ningelinuna wiki tatu hizohizo, na status ningeweka mbaya kuliko ile. Lakini ningejua.

bangwe_juu

Dada sina la kusema. Kati ya wale kumi na mbili wanne walikuwa wezi wangu kweli, hao sirudi nyuma. Waliobaki ngoja nifikirie.

kahawa_chungu

Leo sina utani. Dada wa Ujiji, unalala sasa hivi?

yule_mnayemsema

Nalala. Nilianza kuuza maandazi asubuhi, inabidi niamke saa 9 kukanda, kwa hiyo saa 3 usiku nimeshazimika kama taa ya betri. Unga umenisaidia kuliko watu, samahani kusema hivyo.

---

MamaVichanja: MREJESHO

Wakuu, mliokuwa mnaniuliza kwenye ujumbe wa pembeni, haya.

Nilikaa na maneno ya nesi na ya dada wa Ujiji siku mbili. Siku ya tatu nikaenda. Nilibeba kuhe mmoja wa kukaanga maana mikono mitupu inatisha. Alinifungulia mlango akarudi ndani bila kusema karibu, lakini hakuufunga.

Nikauliza kama nilivyoelekezwa. Unakula? Kidogo. Unalala? Silali. Kuna siku unaona bora usingekuwepo? Akanitazama kwa muda mrefu. Akasema, "Hapana. Ila kuna siku naona bora *yeye* asingekuwepo." Tukacheka wote wawili, cheko lile la kuziba mdomo. Hata hivyo tumekwenda Maweni, mama nesi usinigombeze. Amepimwa, presha ipo juu, amepewa tarehe za kurudi na mtu wa kuongea naye. Siku ile nilimsindikiza, ya pili alikwenda mwenyewe.

Kuhusu hela nimefanya la mwana_wa_reli kwa kipimo changu. Kila ninapofunga mzigo wa Dar, kisado kimoja cha dagaa ni chake, auze au ale. Sikikopeshi na sikidai. Nje ya hicho, jibu ni sina. Mara ya kwanza nilipomwambia sina, sauti ilinitetemeka kama mwizi. Ya pili kidogo. Ya tatu nilikuwa nasukuma gunia huku namjibu.

Na kuhusu maongezi nimeiba la taa_ya_sola bila aibu. Nimemwambia njoo wakati wa mwezi, mwalo umelala, nina nafasi ya kukusikiliza mpaka uchoke. Siku za giza usinitafute ila kwa dharura. Alinuna kidogo akauliza, "Kwa hiyo mimi ni wa kalenda?" Nikamwambia hata dagaa ni wa kalenda.

Mtaalamu wa jogoo alipiga wiki iliyopita. Kitu kimebaki. Nikamwambia kibaki tu.

Sio kwamba kila kitu kimenyooka. Bado anaweza kukaa saa nzima bila kuniuliza habari zangu. Bado kuna siku simu ikilia baada ya magharibi tumbo linanikata, hata kama anayepiga ni fundi wa bati. Na kuna jambo moja silipendi kwangu: siku hizi mtu yeyote akianza "shoga, ngoja nikusimulie", natafuta saa kwa macho. Sijui kama hilo nalo litapona au ndiyo bei.

Juzi ilikuwa siku ya pili ya mwezi mkubwa. Nilikuwa na dagaa wa mwisho kwenye vichanja, hawajakauka sawasawa. Akaja, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaanza: mume, wifi, mume. Nilikuwa nageuza dagaa nasikiliza, nikiitikia pale panapostahili tu. Wingu likatanda ghafla, upepo wa ziwa ukaja na vumbi. Mwenye dagaa mbichi akiona wingu haagi mtu. Nikakimbilia turubai. Kugeuka, kashika ncha ya pili, kanga ameikaza kiunoni, kanyamaza katikati ya sentensi. Tukafunika kichanja cha kwanza, cha pili, cha tatu mvua ikatuwahi. Tukajibanza chini ya turubai humohumo, tumelowa, tunanuka dagaa. Akaniuliza, "Mama yako anaendeleaje kule Kasulu?"

Nikamwambia alitoka hospitali tangu mwezi wa saba, mguu bado. Akauliza mguu gani.

Usiku nilifungua daftari. Nikaandika: *Alhamisi. Mvua. Kichanja cha tatu kimelowa, nitashusha bei.*